Wodi mpya ya akili au nesi wa kliniki: Tabora na Kigoma tuombe kipi kwanza?

Mnyanyembe_Isevya (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Kila ikifika Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunatangaziwa kwamba vitanda havitoshi na watumishi hawatoshi. Sibishi. Ninachobisha ni kinachofuata baada ya hapo. Ombi likishapita mikutano ya kata na vikao vya juu, kinachobaki ni jengo. Tujengewe wodi! Jengo linapendwa, lina jiwe la msingi na utepe wa kukata. Mimi nauguza mtu nyumbani kwa miaka sasa, na naona tunahesabu kuanzia mwisho.

Kwanza tuelewane tulichonacho. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni moja, Mirembe ya Dodoma, ya tangu enzi za Mwingereza miaka ya 1920. Pembeni yake iko Isanga, ya wale wanaopitia mahakamani. Kuna Lutindi kule Korogwe, ya Walutheri, kongwe kuliko Mirembe. Halafu zipo idara za akili kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando. Mikoani unategemea kitengo cha hospitali ya rufaa, na ukishuka wilayani "kitengo cha akili" mara nyingi ni meza, rejista na mtu mmoja. Sensa ya 2022 ilituhesabu Tabora 3,391,679 na Kigoma 2,470,967. Mikoa miwili, watu karibu milioni sita.

Shirika la Afya Duniani lilipokusanya takwimu za 2020 lilipata wastani wa watumishi wa afya ya akili 13 kwa kila watu 100,000 duniani. Nchi tajiri wanapita 60. Nchi maskini hawafiki 2, na hapo wamejumlishwa wote, madaktari, manesi, washauri, kila mtu. Upande wa pesa, serikali duniani hutoa kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili. Kwa hiyo tatizo si la Tanzania peke yake, ila sisi tuko mkiani mwa foleni hiyo.

Sasa hoja yangu. Mdogo wangu ana skizofrenia. Akichomwa sindano yake ya mwezi, ile nzito ya mafuta ambayo nesi anaisukuma taratibu huku mgonjwa ameuma meno, anakuwa mtu kama watu. Analima, anakwenda mnadani, anabishana Simba na Yanga. Sindano ikikosekana hatuoni kitu siku za mwanzo. Kisha anaacha kulala. Kisha anazima redio halafu anaendelea kuijibu. Tukifika hapo tumeshachelewa: kamba, mgambo, bajaji, sindano ya kumtuliza, godoro sakafuni kwa sababu vitanda vimejaa, mwishowe karatasi ya rufaa ya Dodoma.

Kile kitanda tunachokililia, ukifuatilia kilivyojaa, kimejazwa na kichupa kimoja cha dawa kilichokosekana kituo cha afya, au kilichokuwepo lakini mtu wa kukichoma hayupo. Jenga wodi ya vitanda hamsini huku vituo vikiwa hivi, itajaa kabla rangi haijakauka. Ndiyo maana nasema tuombe nesi na dawa kwanza, jengo lije baadaye.

Karibuni, ila tuheshimiane. Neno "kichaa" sitaki kuliona kwenye uzi wangu.

---

MwishoWaReli

Mkuu umeanza vizuri, ila unaongea kama mtu wa Tabora mwenye bahati yake. Ninyi mna njia ya Itigi na Manyoni, jioni mko Dodoma. Sisi huku Kigoma rufaa ya Dodoma ni zaidi ya kilomita 700 za reli, na treni unaijua mwenyewe.

Nimemsindikiza binamu yangu kwa treni. Behewa la daraja la tatu, Julai, watu wamebeba mawese, migebuka mikavu na kuku. Alikuwa amechomwa sindano ya usingizi asubuhi, ikamwisha tukiwa hatujafika hata Kaliua. Akaanza kusema injini inamwita jina. Abiria wakatuhama, tukabaki na benchi mbili peke yetu kama wakubwa. Mama mmoja wa Uvinza tu ndiye aliyekaa, akamwimbia nyimbo za kanisani za Kiha mpaka akatulia. Hatukuwa na nesi. Tuliambiwa nesi wa kusindikiza yupo, lakini tumlipie posho na nauli ya kwenda na kurudi, na akiondoka kliniki inafungwa maana hakuna wa kumshikia.

Jina la hospitali silitaji. Na yule nesi simlaumu, angejigawaje?

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kitanda. Hapa hapa mkoani. Mgonjwa akizidiwa asisafirishwe nusu ya nchi.

---

Kijana_wa_Nzega

Nimekaa mkao wa kusoma. Uzi wa maana huu, msiuharibu kwa siasa.

---

Sista_wa_Usiku

Habari zenu. Mimi ni nesi wa afya ya akili, nilisomea Dodoma, kituo changu mniruhusu nisikitaje maana bado nahitaji mshahara.

Mleta uzi, kaka yangu, sehemu kubwa nakuunga mkono, ila usimgombanishe nesi na kitanda. Ngoja niwaeleze zamu ya usiku ilivyo, kwa sababu wengi mnaijua wodi ya akili kwa kuchungulia dirishani.

Unaingia saa mbili usiku. Uko peke yako na mhudumu mmoja, siku nyingine hata huyo kaazimwa wodi nyingine. Una wagonjwa kumi na kitu, wengi wametulia na dawa. Kisha polisi wanaleta kijana kwenye pingu, hajalala siku tatu, ana nguvu za watu watano, anaona sisi ndio tunataka kumuua. Kumtuliza kijana yule kwa maneno inawezekana kabisa, nimefundishwa na nimefanya. Lakini inataka muda, inataka watu wanne au watano wamzunguke bila kumtisha, na mmoja awe anaongea naye tu, sauti ya chini, mikono ionekane. Mimi nina mikono miwili, na mmoja umeshika bomba la sindano. Wale wagonjwa wengine nao wameamka, wanapiga mlango.

Hapo ndipo watu wanapofungwa kitandani au kufungiwa chumba cha peke yake. Ndugu wakija asubuhi wanaona alama mkononi, wanasema manesi wa akili wana roho mbaya. Wapo wenye roho mbaya, kila kazi wapo. Ila mara nyingi aliyemfunga ni ikama, yaani uchache wetu kwenye zamu.

Jambo la pili ni dozi. Mtumishi akiwa mmoja anachoma dozi kubwa ili alale mapema. Haloperidol, dawa ya kutuliza, ikizidi, au hata ya kawaida kwa kijana mwenye misuli, siku moja au mbili baadaye shingo inapinda upande, macho yanapanda juu hayashuki, ulimi unatoka. Inatisha kuitazama, na yeye anakuwa na akili zake timamu anajiona. Tiba yake ni vidonge vya Artane au sindano ya kulegeza misuli, na mara nyingi haichukui muda anarudi sawa. Lakini kama ameshatolewa ili kitanda kipate mwingine, yuko kijijini Uyui, nani amwambie mama yake kwamba haya ni maudhi ya dawa? Mama anaona shetani limeamka. Anatupa vidonge chooni, anampeleka kwa mganga. Baada ya miezi kadhaa namuona tena kwenye pingu.

Umesikia hapo? Kitanda kilikuwepo, dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni dakika kumi za mtu kukaa na yule mama kabla hawajaondoka.

Halafu la mwisho, na hili litawachekesha: mwaka jana nusu ya mwaka nilikuwa leba.

---

Kijana_wa_Nzega

Leba?? Serikali imekusomesha akili ili ukazalishe?

---

Sista_wa_Usiku

Mdogo wangu, leba kukiwa na mama anavuja damu na wakunga hawatoshi, matroni anaangalia nani ana vyeti vya uuguzi, anakupanga. Nami ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Mgonjwa wa akili hafi saa hiyo hiyo, anaweza kusubiri, ndivyo inavyohesabiwa. Kwenye karatasi wilaya ina nesi wa akili. Ukija kliniki Jumatano unakuta mlango una kufuli.

---

Mama_Wawili_Ujiji

Dada Sista umenigusa ulipotaja leba, nitaeleza kidogo.

Mtoto wangu wa kwanza nilipojifungua, wiki ya kwanza haikuisha nilikuwa sijui mimi ni nani. Niliamini mtoto amebadilishwa, wangu wamempeleka Kibirizi kwenye boti. Mawifi walisema nimekanyaga uchawi, mama mkwe akasema nimetoka nje mapema kabla ya arobaini. Nilichokuja kuambiwa baadaye ni kwamba upo ugonjwa wa akili unaomkuta mama mara tu baada ya kujifungua, ni wa dharura, na unatibika vizuri sana.

Sasa nilazwe wapi? Wodi ya wazazi waliniogopa. Wodi ya akili nimbebe mchanga katikati ya wanaume? Niliwekwa wodi ya kawaida ya wanawake, mama yangu mzazi analala chini ya kitanda amenishika mguu, mtoto anapelekwa kwa shangazi, maziwa yananijaa mpaka homa. Nilipona, namshukuru Mungu na yule tabibu kijana aliyekuwa anakuja kuniuliza jina langu kila asubuhi.

Mkihesabu vitanda mhesabu na cha mama na mtoto wake.

---

Mzee_wa_Sikonge

Nasoma tu mnavyobishana. Mnatafuta vitanda? Vitanda viko kwa waganga. Huku kwetu mganga mmoja ana nyumba ya wagonjwa, wanakaa miezi, wanapikiwa, wanaamshwa asubuhi kwenda shamba. Hakuna aliyeambiwa nafasi zimejaa. Mjiulize kwa nini watu wanaanzia huko.

---

Mnyanyembe_Isevya

Shikamoo Mzee. Umesema kweli ambayo takwimu za wizara haziwezi kuionyesha. Tukihesabu vitanda vya wagonjwa wa akili mkoa huu bila kuhesabu nyumba za waganga tunajidanganya. Mganga ana nafasi, ana muda, anamjua ukoo mzima, na anatoa jibu la "kwa nini mimi" ambalo hospitali haina.

Ila Mzee, na pingu zile za mti? Mdogo wangu alikaa kwa mmoja kabla hatujajua sindano. Alirudi na kidonda cha kifundo cha mguu ambacho kilichukua muda mrefu kupona kuliko kiwewe chenyewe. Na ng'ombe wawili walikwenda.

---

Mzee_wa_Sikonge

Marahaba. Hao wa pingu siwatetei. Wapo na wapo. Wa kwetu akiona mtu ana degedege au anapoteza fahamu humwambia nduguye ampeleke zahanati kwanza. Nasema tu asitukanwe kabla hajaulizwa.

---

Msomi_wa_Milambo

Mzee wa Sikonge, wazo lako lilishafanyiwa kazi hapa Afrika. Miaka ya 1950 Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo pale Aro, Abeokuta, aliwapangishia wagonjwa vyumba kwenye vijiji jirani na hospitali. Kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumhudumia, mchana anapata tiba, jioni yuko kijijini na watu. Waganga wa jadi alifanya nao kazi. Nasi hapa tulikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili baada ya Uhuru, Hombolo kule Dodoma na Vikuruti kwa upande wa Dar, watu wanalima na kurudishwa kwenye maisha taratibu.

Na miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa taifa wa kushusha huduma ya akili hadi vituo vya chini, ukaanzia Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Wadenmark. Yaani hoja ya mleta uzi ina umri kunizidi. Ilishaandikwa, ikajaribiwa, pesa za wahisani zikaisha.

Ila nitawapa na upande wa pili, kwa ajili ya wanaosema tuache majengo. Afrika Kusini, jimbo la Gauteng, mwaka 2016 waliwatoa wagonjwa zaidi ya elfu moja kwenye vituo vya Life Esidimeni wakiwapeleka kwa taasisi ndogo za mitaani. Lugha ilikuwa tamu, "huduma katika jamii", ila nia ilikuwa kubana matumizi. Watumishi hawakuwepo, chakula hakikutosha, kumbukumbu za dawa zilipotea. Wagonjwa 144 walikufa.

---

Sista_wa_Usiku

Asante Msomi. Ndilo nililotaka kusema kwa kaka yangu mleta uzi. Ukisema "nesi kwanza, jengo baadaye" mtu wa bajeti atasikia "baadaye" tu, jengo halitakuja, na nesi pia hatakuja.

---

Tabibu_Kijijini

Wakuu, mimi ni tabibu wa zahanati, wilaya moja ya Kigoma, niko peke yangu na nesi mmoja na mhudumu. Mnaongea kuhusu wodi, mimi naongea kuhusu mlango ambao mgonjwa anapitia kwanza.

Mtu akiletwa amefungwa kamba anatukana, kitu cha kwanza si Largactil, dawa ya kutuliza. Kwanza pima malaria, pima sukari, pima joto, muulize ndugu lini ameanza. Tabora na Kigoma ziko kwenye mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria kali inapanda kichwani, mtu anaongea ovyo mnasema amerogwa. Aliyeanza juzi na ana homa ni wa kwangu leo hii. Aliyeanza miezi sita iliyopita bila homa ni wa kliniki ya akili. Kwa kupima tu hivyo unapunguza rufaa kadhaa zisizo za lazima.

Pili, kifafa. Huku wagonjwa wa kifafa wanahudumiwa na kliniki ya akili, na ukifungua rejista yangu ndio wengi. Vidonge vya fenobabitoni ni vya bei ndogo mno. Mtoto akivikosa anaanguka motoni, na anayeungua analala wodi ya majeraha kwa wiki nyingi. Kitanda hicho nacho ni cha afya ya akili ingawa hakuna anayekihesabu hivyo.

Tatu, na hapa mnisikilize, ndipo dawa zinapopotelea. Watu wanadhani dawa zinakosekana kwa sababu Bohari ya Dawa haina. Mara nyingine ndiyo. Lakini mara nyingi ni hivi: naagiza dawa kwa kujaza fomu ya ripoti na oda, na oda inatokana na matumizi niliyoandika kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za huduma za kituo. Nesi wa akili akihamishiwa leba, hakuna anayeandika dawa za akili. Kisichoandikwa hakijatumika. Kisichotumika oda yake ni sifuri. Oda ikiwa sifuri, rafu ni tupu. Mgonjwa anakuja mara ya kwanza hakuna, mara ya pili hakuna, mara ya tatu haji. Ripoti inasomeka kwamba eneo langu halina wagonjwa wa akili. Anayepanga watumishi kule juu anaona: hapa hawahitaji nesi wa akili.

Hakuna mwizi hapo. Kila mtu amejaza fomu yake sawasawa.

---

Mnyanyembe_Isevya

Dokta, hii aya ya tatu ningeweza ningeibandika mlango wa halmashauri. Muda wote nilikuwa najua sindano inakosekana, sikujua inakosekana kwa kufuata utaratibu.

---

Mgeni_wa_Urambo

Nauliza bila kujitambulisha. Kwetu kuna kijana alijaribu kujiua msimu wa mauzo ya tumbaku, madeni ya pembejeo. Familia wameficha, wanasema aliteleza, maana wameambiwa akifika hospitali atafunguliwa kesi. Ni kweli?

---

Sista_wa_Usiku

Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Binafsi naona kifungu hicho kinaua watu kuliko kinavyowaokoa, kwa sababu ya hilo hilo la kuficha. Lakini nisikilize mdogo wangu: mpelekeni. Mwelezeni mhudumu ukweli, alikunywa nini au alifanya nini, maana tiba inategemea hapo. Baada ya matibabu ya mwili ombeni aonane na mtu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa. Nyumbani asiachwe peke yake kipindi hiki, na dawa za shamba zitoke kwenye chumba anacholala, ziwekwe kwa jirani zifungiwe. Muulizeni waziwazi kama bado anawaza kufa. Kumuuliza hakumpi wazo, kunampa pa kutua.

---

Mama_Kijana

Mnaandika vizuri watoto wangu. Mimi ni mjane, niko Tabora mjini. Mwanangu alianza na bhangi na gongo, sasa hata asipovuta yuko vile vile. Amenivunja kidole. Usiku nalala kwa jirani, namwachia nyumba. Mmesema nesi, mmesema dawa, mmesema fomu. Leo usiku niende wapi?

---

MwishoWaReli

Ndiyo maana nikasema kitanda. Pole sana mama.

---

Sista_wa_Usiku

Shikamoo mama, na pole. Usimsubiri mpaka apige tena. Asubuhi nenda kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, waeleze kama ulivyoeleza hapa, na uonyeshe hicho kidole. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua mgonjwa kulazwa kwa hiari yake na kulazwa bila hiari pale anapokuwa hatari kwake au kwa wengine. Ndugu anaweza kuomba, polisi wanaweza kumleta. Akikupiga leo usiku, polisi. Usione aibu, mgonjwa kuletwa na polisi si kushtakiwa.

Akifika, usikubali kuondoka na vidonge tu bila tarehe ya kurudi. Uliza kama anafaa sindano ya mwezi, maana mtu anayekataa vidonge ndiye sindano imetengenezwa kwa ajili yake. Uliza maudhi ya dawa ni yapi na ukiyaona umpigie nani. Na kwa taarifa yako, magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya magonjwa sugu ya msamaha kwenye vituo vya serikali. Ukiambiwa ulipie, omba kuonana na ustawi wa jamii wa hospitali.

Sitakudanganya kwamba kitanda kitakuwa wazi. Nimewahi kuwalaza wawili godoro moja. Lakini mgonjwa wa hatari kwa mzazi wake hatarudishwa getini kama wewe una barua ya mtendaji na ustawi mkononi. Njoo kwenye ujumbe wa siri nikuelekeze siku za kliniki.

---

Mama_Kijana

Marahaba mwanangu. Nimekuandikia.

---

Kijana_wa_Nzega

Swali la kizembe: hivi wale waliopona kwa nini hawatoki ili wengine waingie?

---

Msomi_wa_Milambo

Si la kizembe. Kuna wanaopona na ndugu hawaji. Wengine walitoa namba ya simu ya uongo siku ya kumleta, wengine walishagawana shamba lake. Hospitali haiwezi kumwacha mtu stendi. Halafu kuna wa mahakama, mshtakiwa wa kesi kubwa anapelekwa Isanga kuchunguzwa akili, taarifa iandikwe, kesi iendelee, na kesi zetu unajua zinavyokwenda. Kitanda kimoja kinaweza kukaliwa na karatasi kwa muda mrefu kuliko na ugonjwa.

---

Mzee_wa_Sikonge

La shamba ni kweli tupu. Nimeona.

---

Mnyanyembe_Isevya

Nimewasoma wote. Mama Kijana amenifanya niache kusema "baadaye". Bado nashikilia kwamba bila nesi na dawa za vituo wodi haitatosha milele, ila ombi langu sasa linakuwa na vitu viwili kwa pamoja: vitanda vichache vya dharura hospitali ya wilaya, pamoja na watu wa zamu ya usiku kwa majina yao kwenye ikama, na sindano zisizokatika kituo cha afya. Wodi kubwa ya mkoa mtanisamehe, sina hamu nayo.

Dokta wa zahanati, tuanzie wapi sisi raia? Mbunge yuko mbali.

---

Tabibu_Kijijini

Anzieni karibu kuliko mnavyodhani. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi, na ndani yake kuna wananchi waliochaguliwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa matumizi unapita kwa kamati hiyo. Ni nadra kuona kamati imeuliza kuhusu dawa za akili, wanauliza paa na choo cha wagonjwa. Nendeni na majina: fulani, fulani na fulani wa kijiji hiki wanatumia dawa hii kila mwezi. Nikiwa na majina naandika matumizi, nikiandika matumizi naagiza, na mkifuatilia oda mimi mwenyewe napata nguvu ya kumwambia mganga mkuu wa wilaya kwamba yule nesi arudi Jumatano zake.

Msije na mabango. Njooni na kadi za kliniki.

---

MwishoWaReli

Mwenyekiti wa kamati ya kwetu ni fundi baiskeli pale Mwandiga, namjua, ana deni langu la tairi. Mna wagonjwa wangapi wa sindano upande wenu? Tuanze na orodha ya kifafa au ya wote?

---

Tabibu_Kijijini

Ya wote. Majina yaletwe kwangu mkononi, yasiandikwe humu jukwaani.